Waya Uliozunguka Veranda

Kitale
21 Oktoba 2024

Baba Naliaka,

Natumaini mko salama huko Bungoma, wewe, binti yangu na mjukuu wangu. Ningempigia Edah simu akuambie haya, lakini Edah hufupisha mambo, na hili halifai kufupishwa. Najua pia kwamba mimi nikikupigia wewe utajibu "ndiyo Mama" mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa dereva wa gari la mizigo.

Kwanza asante. Mashine ya kukausha mahindi uliyonifungia inafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Na kile kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota, hiyo draivu yenu, kinatii kuliko watoto wote niliowafundisha. Mvua inanyesha kila alasiri, watu wanaleta mahindi mabichi, na mimi nakausha bila kuyaanika kando ya barabara na kushinda nikifukuza mbuzi.

Shida ni mizani. Tangu mashine ianze kazi, mizani yangu ya namba imeharibika tabia. Chepkirui, yule msichana wa Endebess anayenipimia magunia, ndiye aliyeniita nione. Gunia liko juu, limetulia, hakuna aliyeligusa, lakini namba zinapanda na kushuka, kisha zinatua mahali pasipo pake. Mara nyingi zinatua chini. Mkulima akiona hivyo anafikiri nini? Wewe unajua kazi ya kununua mahindi ni jina tu. Baba Edah aliniachia stoo hii na jina safi, na hilo jina ndilo linaloleta watu kutoka Tongaren wakipita wanunuzi wengine njiani.

Jambo la pili. Kwa nini waya wa mota umezunguka veranda yote, ukapita juu ya chumba cha mizani, ndipo ukafika kwenye mashine huko nyuma? Kutoka chumba cha mita hadi kwenye mashine, katikati ni chumba kimoja tu. Nilinunua waya, nikaambiwa hautoshi, nikanunua mwingine. Mimi nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu. Kama ulikosea kupima, sema tu, sitakula mtu.

Msalimie Naliaka.

Phelista Nabwile


Bungoma
25 Oktoba 2024

Kwako Mama,

Barua yako nimeipokea kwa heshima. Sisi ni wazima. Naliaka anaota meno na halali, kwa hiyo nasi hatulali.

Pole kwa usumbufu wa mizani. Naomba nieleze kidogo. Draivu haipeleki umeme kwa mota vile ulivyotoka kwenye mita. Inaukatakata vipande vidogo kwa haraka sana, na ndivyo inavyoweza kubadilisha mwendo. Huko kukatakata kunatoa kelele ambayo sikio halisikii, lakini nyaya nyingine zilizo karibu huipokea. Mizani kama yako hupima kwa umeme mdogo mno. Kelele ikiingia kwenye waya wake, mizani haijui kwamba ni kelele. Inaihesabu tu kama uzito, mara inaongeza, mara inapunguza.

Ninakutumia filta, yaani kichujio cha umeme, iko kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Fundi yeyote wa hapo Kitale anaweza kuifunga mahali umeme unapoingia kwenye draivu. Ikishafungwa, hiyo kelele haitakuwa shida tena. Kabla ya hapo, naomba mashine izimwe wakati wa kupima.

Kuhusu njia ya waya, ndivyo kazi ilivyotaka, Mama. Usijisumbue na hilo.

Mkweo,
Hillary Khaemba


Kitale
4 Novemba 2024

Baba Naliaka,

Kuzima mashine kila gunia linapopandishwa haiwezekani. Foleni ya wakulima inafika barabarani na mahindi ya ndani yanaanza kutoa joto. Tulijaribu asubuhi moja tu, tukaacha.

Filta ilifungwa siku ile ile ilipofika. Kwa siku chache nikajiona nimepona. Halafu akaja Absalom wa Tongaren, unamfahamu, yule mrefu aliyebeba msalaba siku ya mazishi ya Baba Edah. Alikuwa amepima magunia yake nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Alipoona namba zangu akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mama, hii kilo ya kwako ni ya wapi, bana? Nyumbani gunia ni tisini, hapa ati themanini na tano. Kwani limekonda kwa barabara?" Watu walicheka. Mimi sikucheka. Akapakia magunia yake tena, na wengine wawili wakamfuata. Jumapili kanisani nilikaa kwenye benchi langu la siku zote, na waliokuwa wakikaa nami walikuwa wamepata viti kwingine.

Nikaomba afisa wa vipimo aje. Alikuja na mawe yake ya kupimia. Stima ilikuwa imepotea siku hiyo, lakini mizani ina betri, kwa hiyo hilo halikumzuia. Akapima mara kadhaa. Akasema mizani yangu ni nzima kabisa, haina kosa hata kidogo, akaibandika kibandiko kipya na kwenda zake.

Sasa nikapiga hesabu yangu. Wewe ulisema filta ikifungwa kelele imekwisha. Filta imefungwa. Afisa anasema mizani ni nzima. Namba bado zinakosa. Katikati ya kelele iliyokwisha na mizani iliyo nzima nimebaki na mkono wa mtu. Anayeandika namba ni mmoja tu. Nimemwachisha Chepkirui kazi tangu Ijumaa. Nilimwambia mbele ya wakulima, ili wajue si mimi. Alifungua leso yake, akaniwekea funguo mezani.

Inaniuma, kwa maana nilimpenda yule mtoto. Lakini afadhali nijue.

Phelista Nabwile


Bungoma
8 Novemba 2024

Kwako Mama,

Nimesoma barua yako. Nimesikitika sana.

Pengine, Mama, usingemwondoa Chepkirui kwanza. Naomba ufanye jambo moja. Chukua kitu ambacho uzito wake unajulikana, gunia la mbolea ambalo halijafunguliwa linatosha. Lipime mashine ikiwa imezimwa, kisha ulipime mashine ikiwa inafanya kazi. Afisa alipima wakati hakuna stima, kwa hiyo mashine ilikuwa imelala.

Nilikwenda Eldoret kutafuta kebo inayofaa, ile iliyovikwa koti la nyuzi za shaba. Walikuwa na kipande kimoja kilichobaki, nimekinunua. Lakini ni kifupi. Kwa njia ya veranda hakifiki. Naendelea kutafuta kirefu.

Nisamehe kwa kuandika kwa ufupi.

Mkweo,
Hillary Khaemba


Bungoma
9 Novemba 2024

Mama yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, najua mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa bweni. Hii barua nimeitia kwenye bahasha moja na ya Baba Naliaka, na yeye hajui. Nyinyi wawili mnaandikiana kwa adabu mpaka ukweli umekosa mahali pa kukaa.

Jana alikaa na barua yako mkononi, ugali ukapoa, kuku akapoa. Nikamuuliza ni nini. Akaikunja, akaifunua tena. Nikamwambia, "Hillary, si unaongea ama nimpigie Mama simu sahii?" Ndiyo akaniambia.

Mama, ile filta haikuwa dawa. Inasafisha umeme upande wa kuingia kwenye draivu. Waya unaotoka kwenye draivu kwenda kwa mota haiugusi, na huo ndio unaopiga kelele. Waya huo umelala kwenye mfereji mmoja wa plastiki na waya wa mizani yako, veranda nzima, bega kwa bega. Kitabu cha draivu kimekataza hivyo kwa maandishi makubwa. Kinasema waya wa mota uwe na koti la shaba, uwe mfupi, na ukae mbali na nyaya za vipimo. Yeye anajua hayo kuliko anavyojua jina langu. Filta aliituma akitumaini tu.

Sasa utauliza kwa nini aliuzungusha. Kwa sababu njia fupi inapita chumbani kwako, Mama. Juu ya kitanda chako, atoboe ukuta atokee kwenye mashine. Na wewe unamjua mkweo. Huyu ni mtu akikuona sokoni anavuka barabara ili msikutane uso kwa uso. Akija kwako anakula verandani, na sahani lazima ipitie mikononi mwangu. Ati huyo aingie mahali mama mkwe wake analala, aweke ngazi kando ya kitanda? Nikamwambia si ungemleta fundi mwingine aingie badala yako. Akasema fundi si shida. Shida ni kusimama mbele yako na kutamka kwamba anahitaji chumba chako. Mdomo ulikataa. Akaona aibu hata kuniambia mimi. Ndiyo akakuomba ununue waya mwingine, akazungusha.

Sikatai adabu. Wewe na Papa ndio mlinilea nayo, na nilimpenda huyu mwanaume nikimwona alivyokuheshimu. Lakini Chepkirui si mkwe wa mtu hapo, na ndiye amelipa. Nimekasirika na Hillary, na wewe pia nimekukasirikia kidogo. Kumwambia mtoto wa watu hivyo mbele ya wakulima!

Usimjibu kwa hasira. Jibu tu.

Edah wako


Kitale
15 Novemba 2024

Baba Naliaka,

Nimefanya vile ulivyosema. Niliweka gunia la mbolea la kilo hamsini, halijafunguliwa. Mashine ikiwa imezimwa, hamsini. Nikawasha. Arobaini na saba. Hamsini na moja. Arobaini na sita. Nikakaa juu ya lile gunia kwa muda, na namba zikaendelea kunichezea nikiwa nimekaa.

Kesho yake nilikwenda Endebess kwa kina Chepkirui. Mama yake, Jelagat, alinikaribisha vizuri, akanipa chai, hakunitolea neno baya. Ingekuwa afadhali angenitukana. Chepkirui hakuwepo. Amepata kazi ya kupima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na nikaambiwa anatoka jioni. Nilisubiri mpaka nikaona namsumbua mwenye nyumba. Nikaacha ujumbe kwamba nimekosa, na kwamba nitalisema kosa langu pale pale nilipomkosea.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwa "ndiyo Mama". Edah ameniambia kila kitu. Usimgombeze, mimi ndiye mama yake na bado nina haki ya kupata habari.

Nimehamisha kitanda. Nimekipeleka kwenye chumba alichokuwa akilala Edah, pamoja na nguo zangu, picha na redio. Kile chumba nililala na Baba Edah tangu siku tulipoezeka nyumba, na humo ndimo alimokata roho. Nililia kidogo wakati vijana wanatoa mbao, sioni haja ya kuficha. Halafu nikafagia na kupanga magunia matupu mpaka dirishani. Hicho si chumba cha kulala cha mtu yeyote tena. Ni stoo. Mkwe anaruhusiwa kuingia stoo.

Kile kipande cha Eldoret kama kinatosha kwa njia fupi, kilete. Jumamosi ijayo nitakuwa Lugulu kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, nitalala huko. Funguo ziko kwa jirani yangu Sally. Toboa panapostahili kutobolewa.

Phelista Nabwile


Bungoma
25 Novemba 2024

Kwako Mama,

Kazi imekwisha.

Ule waya wa veranda nimeutoa wote. Waya wa mizani sasa uko peke yake kwenye mfereji wake. Kebo mpya inatoka kwenye draivu, inapita ukutani, inavuka stoo juu karibu na dari, na kutokea kwenye mota moja kwa moja. Koti lake la shaba nimelibana kwa vibanio vya chuma vinavyolishika kuzunguka pande zote, upande wa draivu na upande wa mota. Mafundi wengi hulisokota kama mkia na kulifunga kwa skrubu moja, na kelele hutorokea hapo. Waya unaokwenda ardhini nimeufupisha na kutumia ule mpana uliofumwa. Filta nimeiacha, ina kazi yake. Itawalinda majirani na redio zao.

Nilipima gunia la mbolea mashine ikienda pole, ikienda kasi, ikiwashwa na ikizimwa. Sally alikuwepo akisoma namba. Hamsini, kila mara.

Uliniandikia kwamba ni stoo. Nilipofika mlangoni nilivua viatu, na kijana niliyekuja naye kunishikia ngazi akanicheka. Ukutani pana alama ya mahali kitanda kilipoegemea. Nilitoboa kando yake. Tundu limekaa juu kidogo kuliko nilivyopanga, lakini kebo haina kona kali, kwa hiyo haidhuru.

Mama, naona aibu, na si kwa sababu ya kuingia. Nilitaka kukuheshimu, na heshima hiyo ikalipwa na binti wa watu ambaye hata simfahamu vizuri. Nilimwandikia Chepkirui nikamweleza kosa ni la waya na ni langu. Hajanijibu.

Mkweo,
Hillary Khaemba


Kitale
6 Desemba 2024

Baba Naliaka,

Jumamosi niliwaita wakulima wote walionikimbia. Nilidhani watakuja wachache, wakajaa hadi kwenye lango. Nadhani wengine walikuja kutazama mwizi anavyojitetea. Absalom alikuja na gunia alilolipima nyumbani kwake. Niliwasha mashine kwa mwendo wa juu kabisa, ikanguruma, na nikamwambia alipandishe mwenyewe. Likasoma sawa na la nyumbani. Akaliteremsha, akalipandisha tena, akazunguka mizani akitafuta kamba iliyofichwa. "Haya basi, Mama," akasema, "hapo sina neno. Lakini ile ingine ilikuwa nini sasa?"

Nikawaeleza. Sikutaja habari za kitanda, hayo ni yetu. Nilisema waya ulipitishwa pabaya ukaisumbua mizani, na kwamba aliyenionya wa kwanza ndiye niliyemlaumu. Waliopunjwa nimewalipa kilo zao zilizopotea, na wamekubali.

Chepkirui alikuwepo. Alisimama nyuma na mama yake, amevaa koti la kazini kwake. Nilimwita mbele. Nilisema kwa sauti, watu wakinisikia, kwamba huyu msichana hakuchukua hata punje, kwamba aliniambia ukweli siku ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha bila kosa. Watu wakapiga makofi. Nikatoa funguo, nikamwambia kazi yake iko palepale.

Hakuzipokea. Aliniambia hivi, na sauti yake haikupanda: "Asante, Mama, umesema mbele ya watu. Mimi nimeshukuru. Lakini sirudi. Nimekaa na wewe misimu mitatu, na siku moja tu ikatosha kusema nina mkono mrefu." Akanishika mkono kwa mikono miwili vile alivyofundishwa, akaondoka na mama yake. Mimi nilibaki nimeshika funguo, na Absalom akawa na adabu ya kutazama pembeni.

Wakulima wamerudi. Kanisani benchi langu limejaa tena, nabanwa mpaka ukutani. Mizani inapima haki, na anayepima ni mimi mwenyewe, polepole, nikivaa na kuvua miwani, wala sijatafuta mtu mwingine.

Nilikulaumu wewe kwa siku kadhaa, nisikufiche. Halafu nikajiuliza, kama ungesimama mbele yangu Oktoba ukasema, Mama, nahitaji chumba chako cha kulala, ningefanyaje? Ningekasirika. Ningemwambia Edah ameolewa na mtu asiye na haya. Ningenuna wiki nzima, labda na ya pili. Kisha ningehamisha kitanda, na yule mtoto angekuwa hapa leo anapima.

Kwa hiyo endelea kula verandani, na mimi nitaendelea kukuandikia, sina ugomvi na hayo. Lakini kazi ikikutaka, Baba Naliaka, nivunjie heshima mapema.

Mama mkweo,
Phelista Nabwile